Una Nini, Mzee? Msuli Wangu Kati ya Tanga na Dodoma

Kwa muda wa miezi mitatu hivi, jirani yangu wa upande wa kushoto alikuwa akinitazama kwa huruma ambayo sikuielewa. Nikipita mbele ya mlango wake jioni kwenda dukani, alisimama, akanisalimu kwa upole usio wa kawaida, kisha akanisindikiza kwa macho mpaka nikate kona. Siku moja alinivuta pembeni, akahakikisha kwamba hakuna mtoto anayetusikiliza, akaniambia kwamba amesikia redioni kuwa kutakuwa na kambi ya upasuaji wa mabusha bila malipo katika hospitali moja, na kwamba jambo hilo si la kuonea haya, kwa sababu marehemu baba yake mdogo aliuficha ugonjwa huo kwa miaka mingi, na alipokubali kufanyiwa upasuaji alijilaumu kwa kuchelewa. "Kaka, wewe nenda tu," alisema. "Ukitaka, nitakusindikiza."

Sikuwa na busha. Nilikuwa nimevaa msuli.

Sikumcheka, wala leo simcheki. Mtu aliyezaliwa Tanga, kama mimi, anajua kwamba matende na mabusha ni maradhi ya kweli katika pwani yetu, yanayoletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, na kwamba wako wanaume waliolazimika kuiacha suruali kwa sababu suruali haikuwatosha tena. Jirani yangu alikuwa ameshawahi kuona msuli ukivaliwa kwa sababu hiyo, na hakuwahi kuuona ukivaliwa kwa sababu nyingine. Aliniona, akatafuta sababu, akaipata ile aliyokuwa nayo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasikiliza watu kwa makini zaidi, na nimegundua kwamba wengi hawaniulizi nimevaa nini. Wananiuliza nina nini.

Kwa ajili ya wasomaji wa bara, nieleze kidogo. Msuli ni kitambaa cha pamba, aghalabu cha mirabaraba au cha mistari, kirefu kiasi cha kumzunguka mtu mzima na kubaki. Wengi wetu huzishona ncha zake mbili zikutane, kikawa kama gunia lisilo na kitako. Unaingia ndani yake, unakivuta kikaze upande mmoja, unakikunja kuja mbele, kisha unaiviringa sehemu ya juu kiunoni mara mbili au tatu. Hakuna mshipi wala kifungo. Kikoi ni ndugu yake, ila chenyewe hakishonwi, kina mistari ya rangi kwenye pindo na matamvua kwenye ncha. Ndicho utakachokiona zaidi Lamu na Mombasa, na wapo wanaosema saruni. Wazee wa kwetu huzishika sana tofauti hizi, na hubishana mpaka kahawa ikapoa. Huku nilikohamia, zote ni sketi.

Nimekulia Ngamiani, katika mitaa ile ambayo barabara zake hupewa namba badala ya majina, na sikumbuki siku niliyomwona baba yangu ndani ya nyumba yetu akiwa na suruali. Suruali ilikuwa vazi la kazini, naye alikuwa karani bandarini. Alirudi saa kumi, akaitundika suruali yake nyuma ya mlango kama mtu anavyotundika koti la mvua, akaoga, akajifunga msuli, na hapo ndipo alipokuwa amefika nyumbani kwa hakika. Kwa msuli alikwenda msikitini, kwa msuli alikaa barazani, kwa msuli aliendesha baiskeli mpaka sokoni akiwa ameupandisha na kuuchomeka kiunoni ili usinaswe na mnyororo. Hela ndogo aliziweka kwenye mviringo wa kiunoni, na ninavyokumbuka hazikuwahi kudondoka. Hakuna aliyemtazama mara mbili, kwa kuwa mtazamaji naye alikuwa amevaa vivyo hivyo.

(Lugha yenyewe ina ucheshi wake hapa. Neno msuli ndilo hilo hilo tunalolitumia kwa mnofu wa mkono wa mbeba mizigo, na wanafunzi wa bweni husema wanapiga msuli wanapokesha wakijisomea. Sijui kama kuna neno jingine la Kiswahili linalobeba nguvu za mwanamume, bidii ya mwanafunzi na kitu ambacho vijana wa bodaboda wanakiita sketi.)

Nilihamia Dodoma mwaka 2018, mwaka ule ule mji huu ulipopewa hadhi ya jiji, nikifuata kazi kama walivyofanya maelfu ya wengine. Mtaani kwetu kuna Wagogo, Wachaga, Wasukuma, Wahehe na Wapemba wawili ambao, kwa masikitiko yangu, wanavaa jinzi. Nilipotoka nje na msuli kwa mara ya kwanza sikudhani kwamba ninafanya jambo lolote. Nilikuwa nakwenda kununua mkate. Muuza duka alinitazama kuanzia kiunoni kushuka chini, akanipa mkate, akaniuliza kama nimeshapona. Nilimjibu kwamba sikuwa naumwa. Akacheka kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa uongo wa heshima.

Maswali yaliyofuata yalikuwa ya aina nyingi, ingawa yote yalizunguka palepale. Fundi seremala mmoja, aliyelelewa katika mila za jando, aliniuliza mbele ya watu kama nimeingia kumbini uzeeni, maana kwao kijana anayetembea na nguo ya kujifunga ni yule ambaye kidonda chake hakijakauka. Watu walicheka, nami nilicheka nao, kwani utani wenyewe ulikuwa mzuri. Dereva wa bodaboda alitaka kujua kama nitapanda kiume au nitakaa upande kama akina mama, na hilo, nakiri, ni swali la haki: ukitaka kupanda pikipiki na msuli, huna budi kuupandisha juu ya magoti, na hapo ndipo unaposhukuru kwamba ndani una bukta. Swali la ndani nimevaa nini huulizwa pia, kwa kawaida na watu ambao hawangethubutu kumuuliza mtu mwenye suruali jambo kama hilo. Nasikia Waskoti nao, kwa ile nguo yao ya marinda, wamechoshwa nalo.

Jirani mwingine, mzee wa kanisa na mtu mwema sana, alininukulia Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mstari wa 5, unaomkataza mwanamume kuvaa mavazi ya mwanamke. Nilimuuliza kama mstari huo unamhusu pia padri anayesimama madhabahuni na kanzu inayofika miguuni. Akafikiri, akasema kanzu ya padri ni ya ibada. Nikamwambia kwamba hata mimi nasali na msuli huu huu, na kwamba kila mwanamume Mwislamu anayekwenda Hija huvua suruali yake akajifunga kiunoni nguo isiyoshonwa, tajiri na maskini, jenerali na mchunga mbuzi, na hakuna anayesema kwamba Makka imejaa wanaume waliovaa sketi. Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. "Basi hiyo ni dini," alisema, na uso wake ukakunjuka. Nilikuwa nimempa sababu. Hakujali sana kwamba wakati ule hatukuwa msikitini wala Makka, tulikuwa tumesimama kwenye foleni ya maji.

Mtu pekee aliyelizungumza vazi langu kama vazi alikuwa mlinzi wa nyumba ya mtaa wa pili, Mmasai, ambaye yeye mwenyewe hushinda na kukesha akiwa amevaa lubega. Alinikagua asubuhi moja ya mwezi wa Julai, wakati upepo wa Dodoma unapopita chini ya mlango kama mwizi, akatikisa kichwa. "Mzee, hiyo yako ina kasoro," alisema. "Haina ya juu." Alikuwa na haki. Msuli ulibuniwa kwa joto la pwani, ambako jasho halikauki na mtu anatafuta kila njia ya kuingiza hewa. Huku juu, kwenye baridi kavu ya katikati ya mwaka, unahitaji shuka ya pili mabegani. Nilianza kutoka na shuka, na sasa watu wananiuliza kama nimepata wakwe wa Kimasai.

Lakini yule mlinzi hakupata nafasi yake bure. Leo hakuna anayemwita mvaa sketi, na mtalii hulipa ili apigwe picha naye. Hata hivyo wazee wake walipitia mambo mengine. Mwaka 1967 na 1968 serikali yetu iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega na ngozi wavae suruali kama raia wa taifa la kisasa, na wasiotii walikatazwa hata kupanda basi. Mwezi Januari mwaka 1969 vijana wa TANU wakaanzisha Dar es Salaam operesheni nyingine, ya kupambana na vimini, mawigi na suruali za kubana. Ukiziweka kampeni hizi mbili pamoja unapata picha ya ajabu: katika nchi moja, ndani ya miezi michache, mwanamume mmoja anaambiwa ni mshamba kwa kukosa suruali, na mwenzake anaambiwa amepotoka kwa kuvaa suruali isiyostahili. Sisi wa msuli hatukuguswa na lolote kati ya hayo. Nadhani ni kwa sababu tulikuwa tumeshajifunza kuuacha nyumbani.

Na hilo la kuuacha nyumbani si la zamani sana kama watu wanavyodhani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, akiwa njiani kuja Mombasa na Kilwa, wenyeji walimletea mavazi ya kwenda nayo kwenye sala ya Ijumaa. Miongoni mwake kilikuwamo kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, naye akaandika kwamba watu wa hapo hujifunga hicho badala ya suruali, kwa kuwa suruali hawazijui. Alitumia neno lile lile la Kiarabu ambalo sisi tumelifanya suruali. Kwa hiyo katika maandishi haya ya zamani yanayoeleza jinsi watu wa pwani hii walivyovaa, suruali inatajwa kama kitu kisichokuwapo, na kitambaa cha kiunoni ndicho vazi la mtu wa heshima anayekwenda kumwona sultani. Huwa najizuia kumsimulia jambo hili muuza duka, maana anachotaka ni kuuza mkate.

Bila shaka hali ilibadilika kwa njia zinazojulikana. Jeshi la mkoloni lilitaka kaptula, shule ilitaka kaptula, ofisi ilitaka suruali, na mshahara ulikuwa ofisini. Hakuna aliyetoa amri kwamba mwanamume wa Tanga avue msuli. Aliuvua mwenyewe saa moja asubuhi, akauvaa tena saa kumi jioni, kama baba yangu. Kilichokwenda bara pamoja na watumishi kilikuwa ile nusu ya siku yenye suruali. Nusu ya pili ilibaki pwani, barazani.

Jambo lililonifunza zaidi lilitokea katika ofisi ninayofanyia kazi, ambayo sitaitaja. Jumamosi moja nilipigiwa simu kwamba kuna karatasi inahitaji sahihi yangu kabla ya saa sita. Nilikuwa nyumbani, nimevaa msuli safi wa bluu na shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, na kwa kuwa siku yenyewe haikuwa ya kazi, nilikwenda hivyo hivyo. Mlinzi wa getini, kijana ninayemfahamu na ambaye kila asubuhi hunipa shikamoo, alinizuia kwa masikitiko makubwa. Alinionyesha lile bango la michoro ambalo kila mwenye kwenda kwenye ofisi za nchi hii amekwisha kuliona, lenye watu waliovaa mavazi yasiyofaa na alama ya kukatazwa juu yao. Nililisoma bango lote. Palikuwa na sketi fupi, kaptula, nguo inayoonyesha kitovu, na suruali iliyoshuka chini ya makalio. Msuli haukuwamo. Nilimwambia hivyo. "Mzee wangu," alijibu, "haumo kwa sababu aliyechora hakufikiria kwamba mtu atakuja nao."

Sikubishana naye, yeye analinda ugali wake. Ila Ijumaa iliyofuata nilifika kazini nikiwa nimevaa kanzu nyeupe na kofia, na chini ya kanzu, kama ada yetu ilivyo, nilikuwa na msuli ule ule wa bluu, tena pindo lake likichungulia vidole vinne chini ya kanzu. Alinifungulia geti, akanisifia. "Leo umependeza, mzee." Kitambaa kilikuwa kile kile, mwili ni ule ule, na geti ni lile lile. Kilichoongezeka ni nguo ya juu inayosema kwamba leo ni Ijumaa.

Nilipokuwa nikikitafakari kisa hiki nilikumbuka habari ya jaji mmoja wa Mahakama Kuu ya Madras, huko India, ambaye mwezi Julai mwaka 2014 alialikwa kwenye hafla katika klabu ya chama cha kriketi mjini Chennai, akafika akiwa amevaa veshti, kile kitambaa cheupe ambacho wanaume wa Kitamil hukifunga kiunoni tangu enzi na enzi, na akazuiwa mlangoni. Jaji mzima, mgeni mwalikwa, katika mji wa watu wake, kwa kanuni iliyoachwa na Waingereza waliokwisha kuondoka miaka karibu 70 kabla. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba kabla ya mwezi Agosti kwisha bunge la jimbo la Tamil Nadu lilikuwa limepitisha sheria ya kuzikataza klabu na sehemu nyingine za umma kumzuia mtu kwa sababu ya veshti, na klabu itakayokaidi inaweza kunyang'anywa leseni. Mimi si jaji, na sitarajii Bunge lililo kilomita chache kutoka kwangu likutane kwa ajili ya msuli wangu. Lakini yule bawabu wa Chennai na kijana wetu wa getini wangeelewana sana wakikutana.

Ulaya nako kuna visa vya aina yake, na vyote nilivyosoma vina joto ndani yake. Mwaka 2013 madereva wa treni za Stockholm, waliokatazwa kuvaa kaptula wakati wa kiangazi, walikuja kazini na sketi, kwa kuwa sketi ilikuwa vazi halali la wafanyakazi na kanuni haikusema ni wa jinsia gani. Mwezi Juni mwaka 2017 madereva wa mabasi wa Nantes, Ufaransa, na wanafunzi wa kiume wa shule moja ya Exeter, Uingereza, walifanya vivyo hivyo. Dunia iliwapigia makofi, na hakuna aliyewauliza wana nini, maana kipimajoto kilikuwa kimeshajibu. Stockholm waajiri walilegeza kanuni, kaptula zikaruhusiwa, na sketi zikarudi zilikotoka. Nawapongeza kwa werevu wao, ila hawakuwa wakitetea sketi. Walikuwa wakitetea kaptula kwa kutumia sketi, na dhihaka hiyo isingekuwa na makali yoyote kama wao wenyewe wasingeona kwamba mwanamume mwenye sketi anachekesha.

Tofauti ni kubwa ukiwatazama watu ambao hawajawahi kuachana na nguo ya kujifunga. Ma'ruf Amin, aliyekuwa makamu wa rais wa Indonesia kuanzia mwaka 2019 mpaka 2024, alizoeleka kuonekana kwenye shughuli za serikali akiwa na koti, kofia na saruni. Askari polisi wa Fiji huongoza magari wakiwa na sulu nyeupe yenye pindo la meno meno, na dereva anayevunja sheria hulipa faini bila kutaja sketi. Binamu zangu walioko Muscat wanaingia ofisini na kanzu zao za Kiomani zikiwa na wizari, yaani nguo ya kujifunga kiunoni, ndani yake. Na nchini Somalia, wale wakulima na wafugaji waliochukua silaha kupigana na Al-Shabaab katika mkoa wa Hiran wamepewa jina la Macawiisley, yaani wavaa macawis, ambayo ni msuli kwa jina jingine. Hilo la mwisho nimekwisha kumsimulia dereva wangu wa bodaboda. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama na mimi nina bunduki.

Nisijifanye kwamba nimetakasika. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa Ushongo, ule ufuko wa kusini ya Pangani, mimi na binamu zangu, akapita Mzungu mmoja, mwanamume wa miraba minne mwenye ndevu, amejifunga kanga kiunoni. Ilikuwa kanga nzuri, nyekundu na nyeusi, na jina lake lilikuwa limemkaa sawasawa makalioni: "Japo sipati tamaa sikati." Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, mmoja wetu akalala mchangani. Yule bwana alitupungia mkono kwa furaha, akadhani tunamsalimu. Nami nilikuwa nimevaa nini wakati huo? Kitambaa cha pamba, cha umbo lile lile, upana karibu ule ule, kilichofungwa kiunoni namna ile ile. Ungenipa futi ya fundi cherehani nisingeweza kukuonyesha kichekesho kilikuwa wapi. Kilikuwa kwenye maua na maandishi, na katika kujua kwetu kwamba hiyo ni nguo ya mama. Na hata hapo tulikuwa tunajidanganya, kwa kuwa ni wanaume wangapi wa pwani ambao hawajawahi kulala na kanga ya mke, au kutoka nayo bafuni? Ila mlango unakuwa umefungwa.

Kwa hiyo simlaumu sana anayenicheka. Ninachomlaumu, kama ni lazima nilaumu, ni kwamba yeye hudhani kicheko chake kinatoka kwenye maumbile, ilhali kinatoka mtaani kwake.

Nyumbani mambo yalihitaji hekima zaidi. Binti yangu, Salma, alikuwa na miaka 9 aliporudi kutoka shule akiwa kimya, na mama yake alipombembeleza akasema kwamba wenzake wamemwambia baba yake anavaa sketi. Hakulia. Aliniuliza tu, kwa sauti ndogo, kama siku ya kikao cha wazazi nitakwenda na suruali. Nilikwenda na suruali. Rafiki yangu mmoja wa Tanga aliniambia kwamba hapo nilishindwa, kwamba ningekwenda na msuli na kuwaeleza walimu historia ya pwani. Pengine. Mimi niliona kwamba msuli ni wangu, na mtoto hakuomba kubebeshwa.

Mke wangu ni Mrangi wa Kondoa, na alichukua mwaka mzima kabla ya kuacha kunikimbilia mlangoni akisema, "Baba Salma, si ubadilishe kwanza?" Lakini hofu yake ilikuwa baba yake. Mkwe wangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu ambaye suruali yake hunyooshwa mpaka mstari wake unaweza kukata mkate, na ambaye huivaa hata chini ya kanzu siku ya Idi. Mara ya kwanza alipotutembelea Dodoma alinikuta uani na msuli, nikimwagilia mchicha. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa. Hakusema neno juu ya jambo hilo kwa siku nne. Siku ya tano, wakati nimetoka, alimuuliza binti yake jikoni, kwa sauti ya chini: "Mumeo ana nini?"

Mwaka juzi mzee huyu alifanyiwa upasuaji wa ngiri. Muuguzi aliwaambia nduguze kwamba wiki za mwanzo asivae kitu chochote cha kubana, wamletee kanga. Kanga aliikataa katakata, mbele ya daktari. Walipokwisha kubembelezana naye, akasema kwamba kuna kijana mmoja kule Dodoma mwenye nguo inayofaa. Nilimpelekea ule wa bluu, nikamfundisha kuukunja na kuuviringa, naye alifuata kila hatua kwa umakini wa mwalimu anayefundishwa na mwanafunzi wake.

Tulikwenda Kondoa tena mwezi uliopita. Tulimkuta nje, chini ya mwembe, amekaa na wazee wenzake watatu. Juu amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na kalamu mfukoni, chini msuli wa bluu ambao sasa rangi yake imepauka kwa kufuliwa. Mmoja wa wazee, bila shaka kwa ajili yangu, akatania kwamba mwalimu amekuwa mtu wa pwani. "Kidonda hakijakauka," alijibu mkwe wangu bila kupepesa jicho. Ilikuwa miezi kumi na minane tangu upasuaji.

Jioni wazee walipoondoka aliniita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Una mwingine kama huu?"

Nilimwambia ninao wa kijani, nitamletea safari ijayo. Akatazama upande wa jikoni, walikokuwa mke wake na binti yake, kisha akauviringa upya ule wa kiunoni, akaukaza.

"Wakikuuliza," alisema, "waambie ni daktari ameagiza."